Daftari Lililolala Pengoni

Jumatatu, 9 Juni

Idella mpenzi,

Theluji bado. Nimetoka barazani sasa hivi na darubini yako. Ubavu wote wa mlima mweupe, juu hadi chini, kama shuka iliyoanikwa ikasahauliwa. Pengo lenyewe, pale njia inapovuka mlima, halionekani, limejifunika wingu. Mwaka jana siku kama ya leo ulikuwa umeshapaka viatu vyako nta na kuvipanga mlangoni, nami nikajikwaa juu yake. Viatu viko palepale. Bado najikwaa. Sivihamishi.

Nina mpango.

Desturi ya hapa Fallon Creek unaijua kuliko mimi. Naiandika hata hivyo, maana nikiiona kwenye karatasi inaonekana ni haki yangu. Juu Pengoni, kwenye rundo la mawe, kuna sanduku la chuma. Ndani yake daftari. Kila apitaye huandika tarehe, jina, idadi ya watu, na hali ya njia. Daftari linalala huko majira yote ya baridi. Wa kwanza kufika kwa miguu kiangazi kikianza huacha daftari jipya na kushuka na la zamani, akakaa nalo nyumbani kwake mpaka vuli. Baada ya hapo linaingia kwenye kabati la chama cha wapanda milima, pale maktaba, na kabati hilo halifunguki kwa mtu yeyote, kwa sababu ufunguo anao dada yako.

Tarehe 14 Septemba ulipanda peke yako. Mimi nilisema goti linauma. Goti halikuwa linauma. Kulikuwa na besiboli redioni. Haya, nimesema. Ulirudi garini saa kumi jioni, uso mwekundu, ukala yai la kuchemsha ukiwa umesimama. Nikakuuliza umeandika nini huko juu. Ukasema niende nikasome mwenyewe, goti likipona.

Wiki mbili baadaye theluji ikafunga njia. Januari ukaondoka. Siku hiyo sikuwa garini. Nilikuwa hapohapo nimekushika mkono, lakini hukusema kitu.

Kwa hiyo neno lako la mwisho limo ndani ya sanduku, chini ya theluji. Nalitaka. Na Verna, dada yako huyo, naye analitaka. Ana miaka sabini na minne na miguu ya mbuzi. Mimi nina sabini na mmoja na miguu ya meza.

Lazima nifike kwanza.

Jumanne, 10 Juni

Nimepiga simu ofisi ya misitu. Nilibadilisha sauti. Nikajiita Bwana Prescott wa Seattle, mtu wa haraka, mwenye viatu vipya. Nikauliza Ubavu utapitika lini kwa mtu asiye na sururu ya barafu.

Binti Dacey Whitcomb ndiye alikuwa zamu. Akasema Bwana Prescott asubiri mpaka sikukuu ya tarehe nne Julai ipite. Theluji ya asubuhi ni kioo, ya mchana ni uji, na ile iliyobaki juu ya kijito imeliwa kwa chini, imekuwa nyembamba kama ganda la yai. Akaongeza kwamba Bwana Prescott apakwe dawa kifuani, maana kikohozi chake ni kilekile cha Mzee Orrin, na amsalimie paka.

Nikakata simu. Paka kweli alikuwa analia. Msaliti!

Kwa hiyo mimi sipiti kabla ya Julai. Verna ana sururu, ana meno ya chuma ya kufunga viatuni, na hana woga. Anaweza kwenda asubuhi yoyote akiamka vizuri. Ama nimcheleweshe yeye, ama niiharakishe theluji.

Nitaanza na yeye. Theluji angalau haijawahi kunitukana.

Alhamisi, 12 Juni

Balaa.

Unaujua ubao wa hali ya njia, nje ya duka la vyakula. Verna anauandika kila Ijumaa, mwaka wa kumi na tisa huu, kwa chaki, herufi zimesimama kama askari. Wiki hii umeandikwa: UBAVU FUTI TANO. PENGO FUTI SABA. ASIYE NA SURURU ABAKI NA MBWA WAKE. Tarakimu kando yake, 5 na 7.

Nilifika saa kumi na mbili asubuhi, kabla duka halijafunguliwa. Nikafuta maneno kwa mkono wa koti. Tano nikaifanya tisa. Saba nikaifanya kumi na saba. Nikaongeza picha ya dubu. Nikasimama nyuma nikaangalia. Nikaona ni kazi safi, hata Verna mwenyewe ataogopa.

Nilikuwa njiani kurudi nyumbani, nimefika kanisani, ndipo nikakumbuka kwamba Verna ndiye aliyepima.

Si hilo tu. Saa nne magari matatu yakaingia mjini na mbao za kutelezea theluji juu ya paa. Vijana wa Seattle! Mtu alikuwa ameupiga picha ubao, picha ikasambaa simu kwa simu. Futi kumi na saba mwezi Juni, wakaja mbio kama nyuki. Walifurahi mno. Mmoja alinikumbatia. Walipanda mpaka kwenye kijito, wakakuta tope na mbu, wakarudi wamebeba mbao zao begani kama watu waliofiwa. Mmoja amepoteza kiatu.

Verna alinikuta mkahawani. Hakupaza sauti. Alitazama mkono wa koti langu, ulivyojaa chaki. Akasema, "Shemeji, tisa yako ina mkia kama panya." Akasema aliwahi kukuambia, wiki moja kabla ya harusi yetu, kwamba mwanamume asiyejua kuandika tisa hatajua kufanya jambo lolote. Eti wewe ulimjibu kwamba huolewi na tisa.

Ni kweli ulimjibu hivyo? Miaka arobaini na nne hukuniambia.

Nilitaka kumuuliza ulivaa nini siku hiyo, mlikuwa mmekaa wapi. Nikaona aibu. Nikasema chaki ni ya kufundishia paka.

Jumamosi, 14 Juni

Mpango mpya. Wa kisayansi.

Nilikuwa natoa majivu kwenye jiko la kuni nikamkumbuka baba. Kila Aprili alikuwa anachekecha majivu juu ya theluji ya bustani ya viazi. Kidogo tu, kama anayetia chumvi. Kitu cheusi hunywa jua. Baada ya siku chache udongo ulikuwa wazi, na majirani bado wanachungulia theluji madirishani.

Lakini baba alikuwa bahili wa majivu. Mimi si bahili.

Nimewaomba majirani wote. Nimesema ni kwa ajili ya waridi zako. Mama wa nyumba ya kijani alinipa mifuko miwili na machozi. Nilijisikia vibaya mpaka kona ya barabara.

Jumla mifuko saba. Kutoka maegesho mpaka Ubavuni ni saa moja na nusu, kwangu mimi mbili. Mfuko mmoja kila siku. Si Ubavu wote: zile hatua kumi na tano tu za katikati, pale mteremko unapoanza kutazama chini kijitoni. Zikiyeyuka hizo, kwingine nitapita hata kwa makalio.

Mfuko wa kwanza umeshafika. Nilichelewa kuondoka, jua likaniwahi, theluji ikalegea. Nikazama mpaka paja. Nikajichomoa, nikazama na mguu wa pili. Hatua ishirini, nusu saa. Ungecheka. Ungesema, Orrin, nimekuambia mara ngapi, tunatoka alfajiri, theluji ikiwa bado na nidhamu. Halafu ungetangulia. "Kanyaga nilipokanyaga." Nyayo zako zilikuwa ndogo, za kwangu hazikuenea ndani yake, nikawa natembea kwa vidole nyuma yako mlima mzima, mtu mzima mimi, kama anayeiba kuku.

Leo hapakuwa na nyayo mbele. Nilitazama kwa muda. Nyeupe tupu.

Nikamwaga majivu.

Jumanne, 17 Juni

Mfuko wa nne. Mgongo si wangu tena. Hatua zangu kumi na tano ni nyeusi ti! Nimezitandika vizuri, kina cha vidole vinne. Sehemu moja niliona weupe unachungulia nikauzika.

Kando ya njia theluji imeanza kuwa ya waridi, ule uwaridi wa Juni, wa vijimea vinavyoota ndani yake. Nikainama nikainusa. Harufu ya tikitimaji, kama zamani. Mwaka ule wa kwanza ulinikataza nisiile. Niliila. Siku mbili sikutoka chooni, nawe ulikuwa unanisomea gazeti kupitia mlangoni, ukiruka habari za vyakula. Ulikuwa na sauti ya kusoma tofauti na sauti ya kuongea. Ya kusoma naisikia vizuri. Ya kuongea imeanza kunikimbia. Naogopa.

Ndiyo maana nalitaka hilo daftari. Huko uliandika kama unavyoongea.

Njiani kurudi nilikutana na Verna anapanda. Sururu mkononi. Nilikuwa mweusi kuanzia nywele hadi soksi. Akaniuliza kama nyumba imeungua. Nikasema nilikuwa nasafisha bomba la moshi. Akauliza bomba gani liko huku. Nikasema natafuta ndege. Akasema, "Haya, shemeji. Ukimpata mwambie aoge."

Alirudi mjini saa mbili baadaye. Nilihesabu kwa darubini. Hakufika Pengoni! Ushindi ungali wangu.

Jumatano, 25 Juni

Siku tano za jua kali. Nimejizuia kwenda kutazama, kama mtu asiyefunua sufuria ya wali. Leo nimefunua.

Idella, sijui nikuambieje.

Theluji ya Ubavuni imeshuka. Kila mahali. Imeshuka mpaka vichaka vimetoa vichwa na yale maua ya manjano yanatoboa pembeni. Kila mahali isipokuwa hatua zangu kumi na tano. Hizo zimesimama. Zimesimama juu ya wenzao futi mbili, pana, nyeusi, kama paa la ghala. Nimejenga ukuta! Njia ya watu wote, nami nimejenga ukuta katikati yake, kwa mikono yangu, kwa siku saba, mfuko kwa mfuko.

Juu ya ukuta amekaa mmoja wa wale wanyama wanene wa milimani, wanaoishi kwenye mawe na kupiga mluzi. Akanipigia mluzi.

Nilijaribu kuukwea. Nikateleza. Nikajaribu kuubomoa kwa fimbo. Fimbo imevunjika. Nimekula mkate wangu nikiutazama. Baba angeniambia nini? Baba hangeniambia kitu. Angechukua chekeche lake akaingia ndani.

Ijumaa, 27 Juni

Ubao wa Verna leo: UBAVU FUTI MBILI NA NUSU, ISIPOKUWA MAHALI PAMOJA FUTI NNE NA NUSU. SABABU: SHEMEJI.

Mji mzima umecheka. Mama wa nyumba ya kijani ameniuliza waridi zinaendeleaje.

Binti Dacey alinifuata nyumbani na gari la ofisi. Alikataa kukaa. Baadaye akakaa. Akanieleza taratibu, kama mwalimu wa chekechea: majivu machache hunywa jua na kuyeyusha, majivu mengi ni blanketi. "Mzee Orrin, umeifunika ikalala." Akasema njia ni ya umma, na kabla ya Jumatatu niwe nimeyakwangua yote kwa koleo na reki, mfuko kwa mfuko, nishuke nayo. Na kwa kuwa haniamini, atakuwepo msimamizi.

Nikauliza nani.

Alitazama dirishani, akasema paka ananenepa.

Jumapili, 29 Juni

Nimekwangua kutwa nzima. Verna alikaa kwenye begi lake, miguu imenyooshwa, anakula siagi ya karanga kwa kijiko na kunielekeza. Kushoto, shemeji. Umeacha pale. Hiyo ni reki au kitana? Akasema hajawahi kuona mtu anaupiga mlima dawa ya viatu. Akasema ukuta wangu unaonekana mpaka barabara kuu, watalii wanadhani ni reli.

Kufikia saa nane sikuweza kuinua mikono. Nikaketi. Akanipa kijiko. Tukala kwenye kopo moja. Chini kijito kinanguruma ndani ya theluji, hakionekani.

Nikamuuliza kwa nini hajafika juu. Nilimwambia ukweli, kwamba nimekuwa nikimhesabu kwa darubini. Akasema anajua, kioo kinametameta jua likikipiga, amekuwa akinipungia mkono. Mimi nilidhani anafukuza mbu.

Halafu akasema amefika hapa mara nne mwezi huu. Asubuhi nzuri, theluji ngumu, meno viatuni. Mara nne amegeuka. Si kwa sababu ya theluji. Akasema, "Nikishalisoma, Orrin, hatakuwa na jipya tena la kuniambia."

Hakuniita shemeji.

Nikatazama reki. Idella, miezi mitano nimekuwa nikidhani nimefiwa peke yangu. Nilikuwa najua ni dada yako. Ni kama kujua kuna nyumba ng'ambo ya mto bila kujua ndani kuna mtu.

Tumekubaliana. Twende pamoja, Jumamosi tarehe tano, alfajiri. Tumepeana mikono. Mkono wake una kovu kidoleni, akasema ulimbana na mlango wa gari mkiwa wadogo, makusudi. Sikujua hilo pia.

Nimelia kidogo nikishuka. Nimekuwa mtu mpya.

Alhamisi, 3 Julai

Nimefikiri. Kesho ni sikukuu. Mji mzima utakuwa kwenye gwaride. Verna hubeba bendera ya chama kila mwaka, mbele kabisa, nyuma ya gari la zimamoto. Mtu akitoka kesho saa kumi na moja alfajiri, saa sita yuko Pengoni, saa tisa yuko nyumbani na daftari. Jumamosi anapanda tena na Verna na kushangaa pamoja naye kwamba halipo.

Si udanganyifu. Ningelisoma tu kwanza, kwa utulivu. Kisha nimwambie siku nyingine. Vuli, pengine.

Nimechemsha mayai.

Ijumaa, 4 Julai

Saa kumi na moja alfajiri nilifika maegesho. Gari lilikuwepo moja. Juu ya boneti yake Verna, anafunga viatu.

Nikasema nimekuja kukagua kama reki haikusahaulika. Akasema naye amekuja kukagua kama mimi sijasahaulika. Nikamuuliza bendera nani anabeba. Akasema bendera ina mti, itasimama yenyewe. Nikasema, tulipeana mikono! Akasema ndiyo, na aliushika wangu muda mrefu kidogo ili ausikie unavyodanganya. Amekuwa hapo tangu saa kumi, akahofia ningewahi zaidi.

Lakini alikuwa na begi zima, na daftari jipya limechomoza mfukoni. Nikamuuliza angeningoja mpaka lini. Akanipa fimbo. Tukaenda.

Theluji ilikuwa ngumu, inalia chini ya viatu. Verna mbele, anapiga ncha ya kiatu, anachimba hatua, mimi nyuma. Akasema, "Kanyaga nilipokanyaga." Nilisimama. Sauti ni ileile! Si ya kusoma, ile ya kuongea. Mlifundishwa nyumba moja. Akageuka akaniuliza kama nimeshikwa na kichomi. Nikasema ndiyo, kichomi.

Sasa sikiliza. Zile hatua kumi na tano. Baada ya kukwangua kulibaki majivu kidogo sana, vumbi tu, kama alivyokuwa akitia baba. Siku tano za jua. Ukuta umekuwa mfereji! Umechimbika chini ya theluji ya kando, kuta mbili, sakafu tambarare, mtu anapita kama yuko kwenye baraza lake. Nilipita Ubavuni mikono mfukoni. Nikamwambia Verna kwamba hivi ndivyo nilivyopanga tangu mwanzo. Akasema nikiongeza neno atanirudisha kwa kunisukuma.

Pengoni saa tano na nusu. Upepo. Kwa mbali chini bendi ya shule inapiga, inasikika kama redio ya jirani. Sanduku limejitokeza juu ya mawe, theluji imeliachia. Tukasimama kila mtu upande wake. Nilikimbia kwa miguu ya meza mwezi mzima kulifikia, na sasa mkono haukutaka. Wake pia. Tukaufungua mfuniko pamoja, kama watoto wenye birika la moto.

Nalinakili hapa neno kwa neno:

14 Septemba. Idella Haugen. Mtu mmoja. Njia kavu hadi juu. Theluji ya zamani kivulini, upana wa shuka, kina inchi nne. Dada yangu atasema ni sita. Ni nne, nimepima kwa kalamu. Mume wangu yuko garini na besiboli. Goti lake halina neno, nalijua. Nimemwacha adanganye maana leo nilitaka kuwa na mlima peke yangu, na nilipofika hapa nikajikuta natamani angekuwepo aulize maswali yake. Ndivyo ilivyo. Upepo wa magharibi.

Verna alisoma mara mbili. Akasema haiwezekani, kivuli kile Septemba hakijawahi kuwa chini ya sita. Akasema kalamu haipimi. Akasema wewe siku zote ulikuwa unapima pembeni, mahali palipopungua. Alikuwa anasema hivyo na machozi yanateremka mpaka kidevuni, wala hayafuti. Nikamwambia pengine ilikuwa tano. Akasema, "Usinisaidie, shemeji."

Mimi nilikaa kwenye jiwe. Ulijua. Miezi kumi nimebeba lile goti, na wewe ulijua, na ulinitaka.

Tuliacha daftari jipya. Akaandika yeye: watu wawili, Ubavu unapitika. Sababu hakuandika. Kisha akanikabidhi la zamani. Wiki moja mimi, wiki moja yeye, hivyo hivyo mpaka vuli. Nimrudishie Ijumaa ijayo saa tatu asubuhi, barazani kwake, bila doa. Akasema ananiamini. Nadhani alisema hivyo ili aone nitafanyaje.

Jumatatu, 7 Julai

Siwezi kulirudisha.

Nimejaribu. Jana nililiweka ndani ya bahasha, nikaandika jina lake. Nikalitoa. Usiku lilikuwa upande wako wa kitanda na hapakuwa na baridi sana.

Kwa hiyo nina mpango. Nitamnakilia jingine. Daftari ni la kawaida, majalada ya kijani, yako kumi na mbili dukani. Wapita njia ni mia mbili na nne tu. Nina kalamu kumi na moja, na mikono miwili. Watalii wa Seattle nawaandika kwa kushoto. Kurasa nazipaka chai na kuzianika barazani, na zimezeeka vizuri, ila ukurasa wa Agosti ndege wa buluu ameondoka nao. Agosti itakuwa fupi. Verna hatagundua. Alilisoma mara mbili tu, na ana mawazo mengi siku hizi.

Mchana huu nimefika Septemba. Tarehe 14. Nimechukua kalamu yako mwenyewe, ile ya dirishani jikoni. Jina lako nimelijaribu mara thelathini nyuma ya bahasha. Nikaliandika. Likakaa vizuri, hata mimi lilinishtua. Nikaja kwenye idadi ya watu. Uliandika mmoja. Kalamu ikasimama. Kahawa ikapoa.

Nikaandika wawili.

Ikabidi nirekebishe na yaliyofuata. Mume wangu yuko hapa kwenye jiwe, goti zima, anauliza maswali. Na kwa Verna nimeongeza mstari, kwa vile nitamnyima la kweli maisha yake yote: theluji ni inchi sita, dada yangu yuko sahihi kama kawaida. Atafurahi sana. Hujawahi kumwambia hivyo hata siku moja.

Nimelisoma lote tena kwa sauti. Sioni kasoro yoyote.

Ukiulizwa huko uliko, Idella, tafadhali sema tulikuwa wawili. Unikumbuke hivyo.